Gari la Mwisho

Hakuna mtu aliyesimuliwa habari za binti wa mzee Gia zaidi ya kinyozi. Kila mzee huyo alipoketi na kufungwa shuka shingoni, hadithi ilikuwa ile ile: binti yake, yule wa maabara ya hospitali, ndiye aliyechaguliwa kupanga safari ya kuhesabu wanyama. Hawakuchaguliwa wale madereva wakongwe waliojiona wamezaliwa na usukani mkononi. Alichaguliwa Binti. Kinyozi alikuwa ameisikia mpaka angeweza kuisimulia mwenyewe, lakini aliguna kila palipotakiwa kugunwa, maana mzee alikuwa mteja mzuri na kichwa chake kilikuwa kimebakiwa na nywele chache za kumpa mtu kazi.

"Na gari la mbele ataendesha nani?" kinyozi akauliza siku hiyo.

Gia alimtazama kwenye kioo kana kwamba ameulizwa jua huchomoza upande gani. "Sasa wewe unadhani nani?"

Jina la Gia alilipata enzi za kuendesha mabasi ya safari ndefu, kwa sababu alipanda milima bila kubadili gia na bila kufunga mdomo. Alipostaafu alinunua gari kuukuu la magurudumu makubwa, akawakusanya wenzake wenye magari ya aina hiyo, wakawa wanakwenda porini kila kiangazi, kule ambako lami inaisha na simu inabaki na kazi ya kutazamia saa tu. Mwanzoni walikwenda kwa raha zao tu. Baadaye Idara ya Wanyamapori ikawaambia, kwa kuwa mnafika tusikofika, basi tusaidieni kuhesabu wanyama. Wakakubali kwa kujitolea, wakawa wanarudi na vumbi masikioni na majigambo ya mwaka mzima. Na miaka yote hiyo gari la mbele lilikuwa la Gia, likiwa na kibendera chekundu kwenye boneti, kilichoshonwa na mkewe.

Mambo yaliharibika kiangazi kilichopita. Walipoona kundi la choroa, wale swala wakubwa wenye pembe ndefu zilizonyooka, kila dereva alitaka kulifikia kwanza. Msafara ukatawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Kundi likawa linakimbia kutoka gari hili kuelekea gari lile, na kila gari likalihesabu upya. Afisa wa wanyamapori, mwanamke mwenye sauti ya upole na maneno yasiyo na upole wowote, alisoma hesabu zao akasema kwamba choroa wangekuwa wengi kiasi hicho, wangekuwa wameshagombea ubunge. Hesabu ikatupwa. Kisha akatoa sharti: mwaka huu walete mpango, waufanyie mazoezi mbele ya macho yake, na wakishindwa eneo lile atapewa mwingine.

Hapo ndipo wanachama walipomgeukia Binti. Alikuwa akisafiri nao tangu anamaliza shule, na gari lake dogo la njano lilikuwa limetoka kwenye matope mengi kuliko magari ya watu waliokuwa wakilicheka. Zaidi ya hayo, kazi yake ilikuwa kuhesabu chembe za damu kwenye hadubini kutwa nzima, na hakuna mgonjwa aliyewahi kulalamika kwamba chembe yake imehesabiwa mara mbili.

Siku ya mkutano Gia aliingia gereji ya Fundi kifua mbele. Fundi alikuwa rafiki yake wa miaka, mchomeleaji wa vyuma, na gereji yake ndiyo iliyokuwa makao makuu ya kikundi: benchi moja, matairi ya kukalia, harufu ya oili na chai. Binti, bado na viatu vyeupe vya kazini, alikuwa amepiga magoti sakafuni akichora kwa chaki. Alichora njia, mto mkavu, kilima na visima. Magari yalikuwa vizibo vya soda, kila mtu na rangi yake. Chekundu kilikuwa cha baba yake.

"Sheria zangu ni mbili," alisema. "Moja, hakuna kumpita aliye mbele yako, hata ukiona tembo anacheza muziki. Ya pili, kila dereva ni mlinzi wa gari lililo nyuma yake. Ukitazama kwenye kioo usilione, simama. Usihesabu, usipige picha. Simama tu."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Akaanza kuvipanga vizibo. Cha njano, chake mwenyewe, akakiweka mbele. Vingine vikafuata kimoja kimoja juu ya mstari wa chaki. Chekundu kilikaa mkononi mwake kitambo kirefu, kisha akakiweka mwisho kabisa, nyuma ya kile cha Fundi.

Watu wote wakamtazama Gia. Hata Fundi aliacha kunywa chai.

"Mama," Gia akamwambia bintiye akicheka, "hapo umepitiwa. Mimi ndiye huyo mwekundu."

"Sijapitiwa, baba. Wewe utakuwa nyuma."

"Nyuma ya nani?"

"Ya wote."

Kicheko kikamkauka. Katika kikundi kile gari la mwisho lilikuwa la mgeni, au la mtu aliyechelewa kuamka. Ndilo lililokula vumbi la wengine wote na kubebeshwa madumu ya maji.

"Gari la mwisho lina kazi yake kubwa," Binti akaendelea. "Nikiieleza sasa nitaharibu mazoezi. Naomba uniamini, baba."

Gia alisikia neno "mwisho" tu. Akachukua kofia yake, akaaga kwa adabu zote kama mtu anayetoka msibani, akaondoka.

Nyumbani alimkuta mkewe jikoni akipiga pasi kibendera kipya. Aliumia alipokiona, hakuna namna nyingine ya kusema. Akakikunja, akakitia mfukoni, akaketi kwenye kigoda bila hata kuvua viatu.

"Mwanao amenishusha," akasema.

"Leo amekuwa mwanangu," mkewe akajibu. "Kwa kinyozi huwa wako peke yako."

Gia hakucheka. Akamweleza yote, vizibo na chaki na macho ya gereji nzima. Mkewe alisikiliza huku akiendelea kupiga pasi shati ambalo halikuwa na kunyanzi tena.

"Hilo gari la mwisho," akauliza, "lina usukani au halina?"

"Si suala la usukani!"

"Basi sawa. Maana na mimi nimepangwa humo. Amenipigia simu. Anasema gari la baba linahitaji mtu wa kuhesabu, na mtu huyo ni mimi. Miaka yote nawashonea bendera na kuwafungashia vyakula, hakuna aliyewahi kuniuliza kama nina macho."

Mara Fundi akabisha hodi. Alikataa kuketi. Alisimama mlangoni akizungusha funguo kidoleni, akasema amezungumza na wazee wenzao, na wote wako na Gia. "Wewe sema neno moja tu, ndugu yangu. Usipokwenda, sisi hatuendi. Magari hayatatosha, na huyo afisa atalitoa eneo. Au umwambie binti akurudishie nafasi yako. Chagua."

Gia aliona jambo lilivyokaa. Neno lake moja lingeivunja safari ya mwanawe. Hakulitamka, lakini hakulikataa pia. Alisema atafikiria, na Fundi akaenda zake akiamini wameelewana.

Mazoezi yalifanyika kwenye machimbo ya zamani ya kokoto nje ya mji, mahali palipoachwa mpaka vichaka vikaota na mchanga ukajaa kwenye njia. Mchoraji wa mabango alikuwa amechora choroa na swala kwenye mbao, na Binti alizificha humo mwenyewe. Afisa alikuja na kiti chake cha kukunja, akaketi upande wa pili wa machimbo, njia inapoishia, akiwa na idadi kamili ya wanyama wale wa mbao. Kila gari lilipewa upande wake wa kutazama, kushoto au kulia, na kipande chake cha njia, ili mnyama mmoja asihesabiwe na watu wawili. Gari la mwisho halikupewa upande. Liliambiwa litazame popote. Redio za mawasiliano magarini zilizimwa zote mpaka mazoezi yaishe.

"Umeona?" Gia, aliyekuja bila kuamua lolote, alimwambia mkewe wakiwa wanaondoka. "Hata upande tumenyimwa."

"Endesha, mzee wangu."

Aliendesha. Vumbi liliingia kupitia kila tundu la gari lile, na matundu yalikuwa mengi. Kibendera kilikuwa bado mfukoni, na kila alipokanyaga breki alikihisi pajani. Kisha, kwenye kona yenye mchanga mwingi, gari la Fundi likazama mpaka kwenye vyuma, likazimika.

Fundi akatoa kichwa dirishani. "Bahati hiyo!" akapaza sauti. "Zunguka hapa kulia, pana nafasi. Nenda ukashike mahali pako mbele. Ukipita wewe, wazee wote wanakufuata."

Nafasi ilikuwapo kweli. Gia aliiona, mguu wake ukaiona, mkono ukaenda kwenye gia wenyewe bila kutumwa. Miaka yote mambo yalikwenda hivyo, aliyekwama alipitwa, akawafuata wengine akishajikwamua. Akatazama mbele apime njia.

Gari lililomtangulia Fundi lilikuwa limesimama. La mbele yake nalo limesimama. Moja baada ya jingine, kila dereva alikuwa amelikosa gari la nyuma kwenye kioo chake akakanyaga breki, mpaka juu kabisa kwenye ukingo wa machimbo, ambako gari la njano nalo lilikuwa limetulia. Binti alikuwa ameshuka. Alisimama mbele ya macho ya afisa, akawapa mgongo wanyama wake wa mbao na kila kitu alichokuwa anapimwa nacho, akaweka kiganja juu ya macho akitazama nyuma. Alikuwa akiwatafuta wao.

Katika miaka yote aliyoongoza, Gia hakuwahi kuusimamisha msafara mzima kwa chuma kimoja kilichokwama. Msichana yule kausimamisha kwa sheria moja ya chaki, na wale vichwa ngumu wote wakatii. Alijivuna mpaka akaona aibu kidogo.

Akazima injini. Akashuka na kamba ya kuvutia.

"Unafanya nini?" Fundi akashangaa.

"Natii amri. Shika upande huo uache maneno."

Walikuwa bado wanafukua mchanga Gia alipomsikia mkewe, mama yake Binti, akimwita kutoka garini. Mama alikuwa amegeuka kwenye kiti, darubini machoni, akitazama walikotoka.

"Mzee wangu, mbona huku nyuma kumejaa choroa?"

Gia akageuka. Nyuma ya mawe na vichaka walivyokwisha kuvipita, kulikuwa na wanyama wa mbao wamegeuziwa upande wa pili. Aliyekuwa akienda mbele asingeona kitu zaidi ya jiwe na kichaka. Mama aliwahesabu polepole, akarudia, akaandika. Ndipo wakalivuta gari la Fundi, na msafara mzima ukasogea.

Walipofika kwa afisa, kila gari lilitaja hesabu ya upande wake. Afisa alijumlisha bila kubadili uso. Zilipokwisha zote isipokuwa ya gari la mwisho, hesabu ilikuwa bado imepungua sana, na madereva wakaanza kutazama viatu vyao. Mama akashuka na kijikaratasi chake, akataja idadi yake. Afisa akaandika, akafunga kalamu.

"Imetimia," akasema. "Hakuna aliyezidi, hakuna aliyepungua."

Makelele yaliyofuata hayaelezeki. Binti alisubiri yatulie kidogo, kisha akaongea akimtazama baba yake. "Choroa wakisikia gari la kwanza hujificha. Wakidhani tumeisha, hutoka. Anayewaona ni wa mwisho peke yake, kama hana haraka ya kuwapata wenzake. Na wa mwisho ndiye asiye na mtu wa kumlinda nyuma. Nilijiuliza, nani anaweza kukaa pale peke yake nisiwe na wasiwasi? Nikakosa mwingine."

Afisa alikuwa ameshatoa kibali. "Kiongozi wa msafara ni nani, aweke sahihi hapa?"

Kwa mazoea tu, macho yote yakamgeukia Gia. Fundi akamsukuma kidogo mgongoni. Mzee akatoa kibendera mfukoni, akakikung'uta, akatembea hadi kwenye gari la njano. Alikifunga kwenye boneti kwa mafundo mawili, taratibu, watu wote wakimtazama.

"Ni huyu hapa," akamwambia afisa. "Mimi ni gari la mwisho."

Binti aliweka sahihi, na afisa akakunja kiti chake akasema watakutana baada ya safari.

Walirudi mjini kwa mpangilio ule ule. Vumbi lilipanda tena, Gia akafunga dirisha na kulifungua tena kwa sababu joto lilikuwa baya zaidi. Kwenye barabara kuu redio ya mawasiliano ikakoroma, na sauti ya Binti ikatoka humo.

"Gari la mwisho, mnatuona?"

Mama akanyoosha mkono ajibu, lakini mumewe akaiwahi. Alikuwa amemwita mtoto yule mama, binti, na kwa kinyozi hata daktari, ingawa mwenyewe alikuwa akikana kila mara. Akabonyeza kitufe.

"Nawaona wote, kiongozi," akasema.

Kisha Fundi, mbele yao, akapiga honi, na aliyemtangulia naye akapiga, na aliyemtangulia huyo, honi zikaenda hivyo kutoka gari hadi gari mpaka zikalifikia la njano.