Siri Waliyoiweza Karatu

Hapa Karatu, mtu akiunguza maharage, mimi napata habari kabla harufu haijafika barabarani. Basi niliporudi kutoka Dar kutibiwa moyo, sebule ilijaa hadi watu wakakalia ndoo.

Nikawasimulia. Daktari alipitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa pajani hadi moyoni, ili achome sehemu zinazoufanya ukimbie hovyo. Jirani na hapo inapita neva ya pumzi, ambayo haitakiwi kuungua, kwa hiyo alikuwa akiishtua kwa umeme kidogo, tumbo linaruka kama nina kwikwi. "Kwikwi ikilegea, naacha kuchoma," aliniambia kabla dawa haijanilewesha.

"Na umepona, Mama Godson!" Laurencia, shoga yangu wa saluni, akapiga vigelegele. Mume wangu Elimringi akaitikia kwa sauti kuliko wote.

"Jumatatu nafungua tena mgahawa wangu. Nimebaki na vidonge vya kuongeza damu tu, na hivyo nimevichoka, naviacha leo," nikatangaza.

Elimringi akaacha kucheka.

Ndipo akaingia Naisula, anayeniletea maziwa kutoka Endulen. Hata kibuyu hajakitua, akaniita mama kwa Kimaasai.

"Pole, yeyo. Wanakurudisha lini kumaliziwa?"

"Kumaliziwa nini?"

Laurencia akazama kwenye kikombe cha chai. Naisula akatazama huku na huku.

"Si kwikwi ililegea, wakaacha sehemu moja? Nimesikia pale stendi."

Stendi! Nikamgeukia mume wangu. "Baba Godson?"

"Daktari alikueleza, ila ulikuwa na usingizi, hukushika. Nikaona tusikushtue. Moyo wenyewe bado…"

"Na vidonge vya damu?"

"Ni vya moyo. Usiviache, tafadhali."

"Laurencia, ulijua?"

"Shoga, alituapisha. Wote."

"Nyie! Mimba ya wiki mbili hamwezi kuificha, leo siri yangu mmeiweza?"

Mmoja kicheko kikamponyoka, akakimeza. Nilizipitia sura zile moja moja, watu niliowalisha, niliowapa habari za kila nyumba, na hakuna aliyenitazama. Mwili ni wangu, na mimi ndiye niliyekuwa sijui.

"Lete namba ya daktari," nikamwambia Elimringi. "Nitamuuliza mwenyewe. Naisula, tukienda Dar utanisindikiza?"

"Nitakuja, yeyo."

"Na mimi?" akauliza mume wangu.

"Wewe baki na wageni wako."

Nikachukua simu na vidonge vyangu, nikaingia chumbani.