Kiri Kwanza, Ndipo Uombe

Mwaka 1987 nilikuwa nafundisha mahabusu kuandika, kila Jumatano, katika gereza moja la Bukoba. Parokia ilinituma, nami nilikwenda nikijiona mtu mwema. Nayasema haya mapema ili mjue mjinga wa habari hii ni nani.

Mwanafunzi wangu Ildefons, mkulima wa Muleba, alikamatwa nyumbani kwa kaka yake penye magunia ya kahawa. Polisi wakasema ni ya magendo, yanavushwa kwenda Uganda. Yeye alikuwa amekwenda kusalimia tu. Mkewe Joviana alikuwa kitandani na Juliana, kama tulivyouita UKIMWI siku zile, na aliyemnywesha uji ni binti yao Kemilembe, wa miaka minane. Ildefons aliomba dhamana tu, akamuuguze mkewe.

Nikawafundisha barua ya maombi. Niliwaambia waanze kama tunavyoanza mbele ya padri: kiri kwanza, ndipo uombe. Sote tulilelewa na katekisimu, hakuna aliyeshangaa.

Ildefons hakuwa na kosa la kukiri, kwa hiyo akatunga. "Mimi mkosefu nimevusha kahawa mara nyingi. Naomba huruma." Mwandiko ulikuwa safi. Nilimpa tisa kwa kumi, na barua nikaipeleka mahakamani kwa mkono wangu mwenyewe.

Hakimu aliisoma kwa sauti, akaihesabu kuwa ni kukiri kosa, akamfunga miaka mitatu.

Niliruka kutoka kwenye benchi. "Mheshimiwa, kosa hilo nimemfundisha mimi! Mwacheni aende kwa mkewe. Mtapata faida gani kumfungia huku, na kwake kunateketea?"

"Kaa chini, mwalimu," akasema. "Mwanafunzi wako ameandika vizuri."

Nimeingia magereza mengi tangu siku ile, na bado sijaona hata moja lililomfaa mtu. Yavunjwe yote. Wakati ule sikuwa na ujasiri wa kulisema hilo, nilikaa chini kama nilivyoambiwa.

Wiki ya tatu baada ya hukumu Joviana alizikwa. Habari nilimpelekea Ildefons mimi, maana nilistahili kuibeba. Hakulia. Alivuta daftari lake, akalamba ncha ya penseli.

"Waitu mwalimu," akaniita kwa heshima, kwa Kihaya, "nataka kumwandikia Kemilembe. Barua ya msiba nayo inaanza kwa kukiri?"

Kabla sijamjibu, akainama na kuandika: "Mwanangu, nimekosa."