Maji ya Banda Tupu

"Haya, Bwana Ukame huyo. Kingeni upesi, jamani, anakuja kutukaba koo."

Aliyesema hivyo ni mama muuza mkaa, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni ya bomba, na wenzake wakacheka kile kicheko cha watu wasio na jingine la kufanya. Bwana Ukame alipiga magoti kando ya barabara, akachomeka ncha ya nondo chini ya kifuniko cha chemba, akakinyanyua. Mle ndani, katikati ya tope na mende, ndimo ilimokuwa koki kuu ya mtaa mzima. Alishusha spana yake ya mpini mrefu, akaizungusha. Bomba likakohoa, likatema mate, likanyamaza, na ndoo ya muuza mkaa ikabaki nusu.

"Asante, baba," alisema muuza mkaa. "Mungu akulipe kwa kipimo hikihiki."

Jina hilo la Bwana Ukame hakuzaliwa nalo. Zamani aliitwa Fundi, na akipita mtaani watu walimvutia kigoda, maana bomba likipasuka ni yeye aliyeloana ili wengine wanywe. Yote yaliharibika pale kiwanda cha mablanketi kilichoko bondeni kilipotangaza kwamba maji hayakitoshi kuoshea na kutilia rangi, na kwamba kisipopata maji yote ya mchana kitahamia mji wa ng'ambo ya kilima. Wakubwa wakakuna vichwa, wakaamua mtaa usubiri mpaka jioni. Wao waliamua wakiwa vitini. Wa kupiga magoti mbele ya kina mama na kuwafungia maji alikuwa yeye.

Wala hayakuwa madai ya kwanza. Kiwanda kilianza kwa kutaka kusamehewa kodi, kikasamehewa. Kikataka uwanja wa mpira, kikapewa, malori yakaegeshwa pale vijana walipokuwa wakichezea. Kila kilipotamani kitu kilitaja mji wa ng'ambo ya kilima, kama mke anayemtajia mumewe mchumba wa zamani, na kila mara mume alitetemeka akatoa. Bwana Ukame alikuwa akijiambia kwamba si kitu. Binti yake wa pekee alifanya kazi humo, sehemu ya rangi, na tangu aajiriwe nyumba ililala imeshiba. Mtu aweza kumeza matusi mengi kwa sababu kama hiyo.

Mchana ule bosi wake alimwita ofisini. Alikuwa kijana mnene kidogo, mwenye heshima za mdomoni, na juu ya meza yake kulikuwa na chupa ya maji ya dukani.

"Mzee wangu, keti. Kuanzia wiki ijayo tutafunga na jioni pia. Kiwanda kinaongeza zamu."

"Watu watakinga saa ngapi?"

"Usiku wa manane yatakuwapo."

"Usiku wa manane watu wamelala, bosi."

"Basi wataamka." Bosi alifungua chupa, akanywa. "Usinitazame hivyo. Wenzetu wa ng'ambo wameshakubali kufunga mchana na jioni. Sisi tukijivuta, mwezi ujao unapanga foleni ya kumtafutia binti yako kazi nyingine. Au nasema uongo?"

Bwana Ukame alitoka nje. Hasira ilimpanda mpaka masikioni, na kwa kuwa hakuweza kumtupia bosi, aliitupa juu ya kilima. Maana huko ng'ambo, aliyeshika spana alikuwa mwanyumba wake, mtu aliyemwoa dada wa mkewe. Walikuwa wamekula sahani moja miaka mingi, wakifundishana kazi, wakiazimana hata viatu. Zilipoanza habari za kiwanda kuhama wakanuniana, na wake zao nao wakanuniana, kila upande ukisema upande wa pili ni wezi. Na sasa huyu ndugu anakubali kufunga hata jioni ili amnyang'anye mtoto wake kazi! Leo nitamwambia, alisema moyoni. Leo atanitambua.

Alipanda gari la abiria, akavuka kilima, akashuka kabla ya mji, mahali palipokuwa na banda jipya la mabati, refu, lenye milango minne ya malori. Alitarajia kusikia mashine, lakini hapakuwa na sauti isipokuwa ya maji. Alizunguka nyuma. Palikuwa na tangi kubwa juu ya nguzo, limejaa pomoni, na maji yalikuwa yakifurika ukingoni na kuanguka moja kwa moja mtaroni, meupe, safi, maji ya kunywa, yakaenda zao na majani makavu. Alichungulia dirishani. Sakafu ilikuwa tupu. Hata kiti cha mlinzi hakikuwapo.

Alisimama pale akiyatazama maji yakipotea kama mtu anayetazama mwanawe akipigwa na wageni.

Alimkuta mwanyumba wake nyumbani, kifua wazi, akitengeneza kiti. Hakuinuka.

"Umepotea njia?"

"Nimekuja kukutazama uso. Mmekubali kufunga na jioni ili mtuibie kiwanda, si ndiyo?"

Mwanyumba aliweka nyundo chini taratibu. "Rudia."

"Mmekubali kufunga na jioni."

"Sisi?" Sasa aliinuka, mishipa ya shingo imemtoka. "Ninyi ndio mmekubali! Bosi wetu katuambia juzi: wale wa bondeni wametoa na jioni, na sisi tukitaka kiwanda tutoe vilevile. Mke wangu hapa analala na madumu mlangoni kwa sababu ya tamaa zenu."

"Sisi tumeambiwa leo. Na tumeambiwa ni ninyi mlioanza."

Wakatazamana. Shemeji yake, mke wa mwanyumba, alitokea mlangoni na kikombe. Kilikuwa na maji nusu.

"Karibu maji, shemeji. Usiniulize mbona nusu."

"Lakini ninyi kiwanda hamna," alisema Bwana Ukame. "Nimepita pale. Banda ni tupu. Maji yanamwagika mtaroni."

"Ni majaribio," alisema mwanyumba, na aibu ilimfanya atazame pembeni. "Wenye kiwanda walitaka tuwaonyeshe kwamba tunaweza kuwapa maji ya mchana kutwa. Kwa hiyo kila asubuhi nafunga mtaa, nafungulia tangi. Tangi likijaa yanamwagika. Siruhusiwi kufunga, wasije wakapita wakakuta mkondo umesimama."

"Yaani mnalala na kiu kwa ajili ya banda?"

"Na ninyi mnalala na kiu kwa kuogopa banda."

Shemeji alicheka peke yake, kicheko kikavu. "Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Nyie wanaume wawili mna spana, na mmekaa mnanuniana kama wake wenza."

Hapo hasira ya Bwana Ukame ikageuka uelekeo. Alikasirikia chupa ile ya mezani, na uwanja ule wa mpira, na yeye mwenyewe, kwa asubuhi zote alizopiga magoti akidhani anamwokoa mtoto wake. Walikaa wakaongea mpaka jua likaanza kushuka. Hawakuwa na mengi ya kupanga. Kesho yake asubuhi hakuna atakayefunga, si huku wala kule. Mmoja akifunga na mwingine akaacha wazi, aliyeacha wazi ameumia, kiwanda kitamkimbia kwenda kwa mwenzake. Wote wawili walilijua hilo, na hakuna aliyelisema.

Alfajiri, binti yake alimkuta ameketi uani, spana magotini. Alikuwa tayari kwa kazi, kitambaa kichwani, mikono yake ya buluu mpaka vifundoni, buluu ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuitoa. Baba alimweleza yote. Binti alisikiliza amesimama.

"Baba, mashine zikikosa maji, wa kwanza kurudishwa nyumbani ni sisi wa rangi."

"Najua."

"Nikifukuzwa utanilisha maji?"

Bwana Ukame aliigeuza spana magotini.

"Na baba mdogo wa ng'ambo, una hakika hatafunga? Yule ana watoto watano na hakuna hata mmoja mwenye kazi. Banda lile likipata mashine, wa kwanza kuajiriwa ni wanawe."

"Ameniahidi."

"Bosi wako naye anaahidi," alisema binti, akaenda zake bila kuaga.

Bwana Ukame alikwenda kwenye chemba, lakini hakukinyanyua kifuniko. Alikikalia. Foleni ilimtazama. Muuza mkaa alikinga ndoo yake ikajaa, akakinga ya pili, akasubiri dhihaka imjie mdomoni, haikumjia.

"Unaumwa?" aliuliza.

"Kinga tu, mama."

Jua lilipanda. Kwa mara ya kwanza katika muda mrefu mtaa ulifua nguo mchana, na watu walizifua kwa haraka na kwa wasiwasi, kama wezi. Kisha kule bondeni ngurumo ya kiwanda ikapungua, ikakatika. Haikupita muda wafanyakazi wa rangi wakaonekana wanapanda barabara, wamevaa aproni zao, na binti yake katikati yao hakuinua macho.

Bosi alifika kwa gari la idara, shati limemlowa mgongoni.

"Mzee, una kichaa? Inuka hapo. Nipe spana."

"Sikupi."

"Unajua umefanya nini? Meneja yuko kwenye simu na watu wa ng'ambo sasa hivi. Wao wamefunga kama kawaida, wana akili zao. Wewe umewauza hawa wote." Aliwanyooshea kidole wasichana wenye mikono ya buluu. "Umemuuza mwanao."

Wasichana wale walimtazama Bwana Ukame, na hawakumtazama kwa wema. Watoto watano, alikumbuka. Alitoa simu mfukoni, vidole vikiteleza kwa jasho, akampigia mwanyumba wake. Iliita mpaka ikakatika. Bosi akatabasamu. Akapiga tena, akaiweka kwenye spika, kwa maana kama ni aibu, na iwe ya hadharani.

Safari hii ilipokelewa. Alikuwa shemeji.

"Nani? Sema kwa nguvu, sikusikii. Yeye kakalia chemba yake huko, simu kaniachia. Ngoja, bomba linapiga kelele, nakinga."

Bwana Ukame aliiweka simu juu ya kifuniko, pembeni ya paja lake. Kutoka ng'ambo ya kilima yalisikika maji yakianguka ndani ya ndoo, kwanza kwa mshindo wa chuma kitupu, kisha kwa sauti nene, kisha nyembamba zaidi na zaidi kadiri ndoo ilivyojaa. Binti yake alisogea, akachuchumaa karibu na simu, mikono ya buluu juu ya magoti.

Kisha wote wakasikia ndoo ikiondolewa, na nyingine ikiwekwa.