Nukta ya Kumi na Saba

Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi, Afande Odur aliegesha pikipiki mbele ya duka la uchapaji la Nabila pale Wandegeya. Ndani ya duka hilo Moreen Nakhisa, Mkenya wa Bungoma, alikuwa amekodi meza moja na kuchambua takwimu za watu. Kwa kawaida wateja wake walikuwa wanafunzi wa uzamili waliochelewa. Wanaleta daftari la maabara, mbu wangapi wamekufa kwa kila dozi ya sumu, yeye anawachorea mkunjo, wanakwenda kuhitimu. Odur hakuleta mbu. Alileta karatasi mbili zenye watu ishirini na wanne.

Walikuwa makuruta. Kila mmoja alifungiwa kwenye chumba kisicho na dirisha, akapuliziwa gesi ya machozi kwa dozi yake, kisha akapimwa amepoteza asilimia ngapi ya pumzi. Kampuni iliyotengeneza gesi hiyo ilitaka kujua dozi ya juu inayoruhusiwa. Ilitaka pia mkunjo wenye umbo la herufi S, unaopanda polepole na kutulia juu, kwa sababu ndio uliochorwa kwenye kitabu chao cha maelekezo.

"Ijumaa nataka hiyo kitu," Odur alisema. "Na namba kumi na saba toa. Mashini iliharibika."

Moreen akaanza kuingiza namba. Alipomaliza mstari wa kumi na saba, dozi arobaini, pumzi iliyopotea asilimia mia, mwanamume mmoja alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, kati ya mwanafunzi wa sheria na boksi la karatasi. Alivaa suruali ya kuruta na fulana, miguu peku, macho mekundu. Alikohoa kwa adabu, mkono mdomoni. Nabila alisogeza boksi ili mgeni apate pa kuweka miguu.

"Jina?" aliuliza, maana kila anayesubiri huandikwa.

"Ocira."

"Uko nyuma ya huyu nyabo, huyu dada wa sheria."

Asilimia mia maana yake mtu hakuvuta pumzi tena. Moreen alilijua hilo tangu aliposoma karatasi, na lilimkera, lakini kazi ni kazi. Wenzake Ocira waliopewa arobaini walipoteza sitini, sitini na mbili. Mlingano wa kawaida, ule unaokuja na programu, ulipitisha mkunjo mbali chini yake kana kwamba haumjui. Basi akafanya kama wafanyavyo wote wa kazi hiyo: unakokotoa ukiwa na nukta iliyojitenga, unakokotoa bila hiyo, unalinganisha. Kuitenga nukta si kuifuta. Unaondoa alama ya vema kwenye kisanduku chake, na namba inabaki kwenye jedwali kwa rangi ya samawati, ila haihesabiwi.

Aliondoa alama. Ocira akaanguka.

Hakuanguka kama mtu aliyezimia. Kifua chake mwenyewe kilimrusha chini. Paji la uso lilipiga ukingo wa printa likapasuka, kucha zikakwaruza saruji mpaka mbili zikang'oka, povu lenye damu likamtoka puani na mdomoni, visigino vikapigapiga mguu wa benchi. Mwanafunzi wa sheria alinyanyua mkoba wake. Ilichukua dakika nne. Kwenye skrini mkunjo ulikuwa laini, umetulia kwenye sitini na mbili.

Moreen akarudisha alama. Ocira akainuka, akajifuta uso kwa fulana, akaketi.

"Samahani," Moreen alisema.

"Si wewe, dada. Kule Afande Odur alishika mulango. Mimi nagonga, nagonga. Yeye nasema dakika bado."

Kulinganisha hakuishi kwa mara moja. Hadi saa saba mchana alikuwa amemuua mara saba. Nabila alipiga deki kwa Omo, akamwomba Moreen aende taratibu, kwa sababu damu ilikuwa imefika kwenye karatasi za picha na hizo ni ghali.

Saa nane alifika Lamwaka, mke wa Ocira, na bakuli la malakwang, mboga chachu ya karanga, na viazi vitamu. Mtu aliyekuja kutoa fotokopi ndiye aliyempelekea habari. Kwa wiki tano alikuwa ameambiwa kwamba mumewe ametoroka mafunzo, na mtoro hana mwili wa kukabidhiwa kwa jamaa. Alimlisha Ocira kwa mkono wake, tonge kwa tonge, kisha akaigeukia meza.

"Dada, kwa karatasi yako, bwana yangu ameandikwa?"

"Ameandikwa. Kumi na saba."

"Basi wacha akae hapo. Wakimutoa, ni mutoro. Akibaki, ni mutu amekufa, watanipa nikazike nyumbani."

Moreen akalipitia jedwali upya. Namba kumi na moja na namba ishirini, dozi thelathini na tano, walipoteza sabini na nane na themanini na moja. Hao hawakuwa kosa la mashine yoyote. Walikuwa njiani kwenda alikokwenda Ocira, wakatolewa mlangoni mapema. Akauacha mlingano wa kawaida, akaandika wa kwake, wenye ngazi mbili: ya kwanza ya mapafu ya kila mtu, ya pili ya mapafu yanayojifunga. Makisio yake ya mwanzo yalikuwa mabaya. Mkunjo uliruka nje ya skrini, Ocira akatapika damu juu ya kibodi. Nabila akaleta kibodi nyingine. Alhamisi jioni mkunjo ulipanda, ukapumzika, ukapanda tena, ukapita katikati ya nukta ya kumi na saba. Ocira aliacha kukohoa. Alilala benchini, kichwa kwenye paja la mkewe. Dozi inayoruhusiwa ilishuka kutoka thelathini na nane, ya mlingano wa kawaida, hadi kumi na moja.

Ijumaa Odur aliusoma mchoro akiwa amesimama.

"Ocira, habari."

"Nzuri, afande."

"Nyabo, nilisema S."

"Data haikubali S, afande," Moreen alisema. "Huyu mtu yuko."

"Nani amekataa? Mimi namuona. Lakini mashini iliharibika."

Lamwaka alipiga magoti. "Afande, nipe tu mwili."

"Mwili gani, mama? Mutu huyu amekaa hapa, anasalimia watu. Wewe nataka kuzika nini?"

Hapo Moreen akakifunika kwa mikono yote miwili kipanya cha kompyuta, akasema haondoi mtu. Odur alimshika kisogo, akaupigiza uso wake kwenye ukingo wa meza mara tatu, mpaka jino likatoka na mdomo ukachanika. Alipomaliza alivuta kiti, akakikalia, akaurudisha mlingano wa kawaida, akaondoa alama mwenyewe. Alisubiri dakika zote nne, macho kwenye saa ya mkononi, huku Lamwaka akijaribu kushika miguu ya mumewe isijiumize. Kisha akahifadhi faili kwenye flashi, akafuta lile la Moreen, akawaaga wote, na Nabila akamfungulia mlango.

Ripoti ilikubaliwa. Gesi ilijazwa kwenye makopo kwa dozi ya thelathini na nane. Kwenye orodha ya makuruta Ocira aliandikwa mtoro.

Jumatatu, saa mbili na robo, Ocira, aliyekuwa amelazwa dukani chini ya kitenge maana mtoro hapewi kibali cha kuzikwa, aliinuka akaomba maji. Hakuyamaliza. Huko ofisini mkurugenzi wa kampuni ya gesi alikuwa amefungua faili, akarudisha alama ili awaonyeshe wageni jinsi nukta moja inavyoweza kuharibu mchoro, kisha akaiondoa waone unavyopendeza. Wageni walipenda, wakaomba kuona tena. Kabla ya chai ilikuwa mara sita. Moreen, mdomo ukiwa na nyuzi, alipiga simu kwenye kampuni. Msichana wa mapokezi alimwambia mkurugenzi huonyesha hivyo kila akipata wageni, na mwezi huu wageni ni wengi.

Siku iliyofuata Lamwaka alifika mapema, godoro limefungwa nyuma ya bodaboda.

"Dada, ofisi yao inafungua saa ngapi?"

"Saa mbili," Moreen alijibu.

Lamwaka alitandika godoro kati ya benchi na printa, akalivuta kidogo upande wa kichwa lifunike saruji yote. Ilikuwa bado dakika kumi.