Glavu Nyeupe za Jaji Thurlby

Tangu asubuhi sindano ilikuwa imemchoma Honor Luscombe mara tatu, na kila mara aliwahi kuuondoa mkono kabla tone la damu halijaigusa ngozi. Ilikuwa ngozi ya mwanambuzi, nyeupe pe, mali ya mkuu wa jimbo. Ingeingia doa, asingepewa kazi tena mjini Tawcombe, na mjane mshona glavu aliyenyimwa kazi na wakubwa katika jimbo lile la Devon hana mlango mwingine wa kubisha.

Glavu zilikuwa za jaji. Mara mbili kwa mwaka, Machi na Julai, jaji wa mfalme alikuja mjini kusikiliza kesi nzito, na kila mara mkuu wa jimbo aliagiza jozi moja nyeupe. Kikao kikimalizika bila mtu kuhukumiwa kifo, jaji alivishwa hadharani na kengele zikapigwa. Akihukumiwa hata mmoja, glavu zilitiwa kabatini. Kwa miaka minne kengele zile hazikuwa zimepigwa.

Julai hii kulikuwa na kesi moja tu ya kifo. Mshtakiwa alikuwa Digory, mwanawe Honor wa pekee.

"Shona vizuri, Mama Luscombe," alisema Bwana Hext, karani wa mkuu wa jimbo, aliyekuja kuleta kipimo. "Ukiona zimevaliwa, ujue mwanao anarudi nyumbani."

"Jaji ni nani safari hii?"

"Sir Ambrose Thurlby. Na ujipange. Huyu alimfuata mfalme wetu wa sasa ng'ambo enzi zile za Cromwell, nchi ilipotawaliwa bila mfalme, akala mkate mkavu Ufaransa miaka tisa. Wapinzani wa mfalme hana mchezo nao. Haya, kipimo chako hiki."

"Kaa nacho," alisema Honor. Alikata uzi kwa meno. "Mkono wake naujua."

Hext alicheka, akadhani mama wa watu kachanganyikiwa.

Lakini aliujua kweli. Mwaka ule Bunge lilipomkata kichwa mfalme wa zamani, baba wa huyu wa sasa, Ambrose Thurlby hakwenda ng'ambo yoyote, wala baada yake. Alikuwa mwanasheria kijana anayesakwa, akajificha wiki sita darini kwa Honor, palipohifadhiwa matofaa, ingawa mume wa Honor alikuwa askari wa Bunge hilohilo. Usiku wa kwanza alianguka kwenye ngazi, akavunjika kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Honor alikifunga kwa kijiti cha mtofaa. Kilipona, lakini kilipona kimepinda.

Na askari walipokuja kupekua, walimshika Digory, miaka mitano, wakamuuliza nani analala darini. Walimzaba makofi mpaka akatoka damu puani. Mtoto hakusema.

Honor aliishona glavu ya kushoto na kidole cha mwisho kilichopinda.

Asubuhi ya kesi alikwenda nazo nyumbani alikofikia jaji, akashikilia kwamba lazima zijaribishwe mkononi. Jaji alikuwa akila nyama baridi na bia. Alikuwa amenenepa. Alinyoosha mikono bila kumtazama, kama wanavyofanya waliozoea kuvishwa. Kidole kilipoingia mahali pake, akaacha kutafuna.

Alimwashiria mtumishi atoke.

"Nani alikupa kipimo cha kidole hiki?"

"Mimi ndiye niliyekifunga, Mheshimiwa."

Alikitazama kile kidole. "Mpaka leo siwezi kula tofaa," alisema. "Harufu tu inanitosha."

Honor akapiga moyo konde. "Mwanangu yumo kwenye orodha yako. Digory. Yule mtoto, Mheshimiwa. Yule waliyempiga."

"Namkumbuka." Alivua glavu, kidole kimoja baada ya kingine. "Nani mwingine anajua habari hii?"

"Hakuna. Marehemu mume wangu alijua, basi. Sijamwambia mtu."

"Umefanya vizuri, mama. Endelea hivyohivyo."

Honor alitoka mle ndani miguu miepesi. Kwake yeye yale yalikuwa mapatano. Unyamaze, nami nitamrudisha mwanao. Alipita kwa mwoka mikate akanunua mkate wa ngano, ambao hununuliwa Krismasi tu, aje kuukata Digory mwenyewe.

Kesi haikuwa na mafumbo. Bwana mwenye ardhi alikuwa ameyazungushia ua malisho ya kijiji, ng'ombe wa watu wakakosa pa kula. Mwezi wa tano wanaume thelathini walikwenda kuung'oa. Digory aliwatangulia, kafunga aproni ya kijani ya mama yake kwenye uma mrefu wa kugeuzia majani makavu.

"Ang'oaye ua ni mkorofi," alisema Jaji Thurlby. "Lakini watu thelathini wakiandamana nyuma ya bendera ni jeshi. Na jeshi ambalo si la mfalme linapigana na mfalme. Huo ni uhaini."

"Ilikuwa aproni, Mheshimiwa," alisema Digory. "Ina mfuko wa uzi hapa mbele. Itazame."

Watu wakacheka. Jaji akangoja wamalize.

"Kijana, mimi niliiacha nchi yangu nikamfuata mfalme ng'ambo ya bahari. Nililala njaa kwa ajili yake. Najua uasi unaanzia wapi."

Digory aliinua kichwa, akamtazama yule mtu mnene aliyeketi juu, kisha akautazama mkono wake wa kushoto uliolala mezani. Honor alimwona mwanawe akikumbuka.

"Ng'ambo, Mheshimiwa?" alisema Digory taratibu. "Ng'ambo ya wapi?"

Jaji hakumtazama Digory. Alimtazama Honor.

Naye Honor, mkate wake kwapani, akamtikisia mwanawe kichwa. Nyamaza. Akaweka na kidole mdomoni, kama alivyomfundisha akiwa na miaka mitano.

Digory alinyamaza. Alikuwa mtoto mtiifu tangu zamani.

Wale raia kumi na wawili walioapishwa kuamua walirudi upesi. Msemaji wao, Pook mwoka mikate, alisema kijana ana kosa la kuvunja ua, zaidi ya hapo hawaoni kitu.

"Rudini ndani," alisema jaji. "Hamtapewa chakula, wala maji, wala moto, mpaka muone."

Waliona kesho yake adhuhuri. Pook alitoa jibu akiwa ameinamia viatu vyake, sauti imekauka.

Jaji Thurlby alisema kwamba kwa huruma ya mfalme kijana hatapasuliwa tumbo wala kukatwa vipande kama sheria inavyotaka. Atanyongwa tu. Hapo ndipo Honor alipopata sauti. Alipiga kelele kuwa jaji ni mwongo, kwamba alikuwa darini kwake, kwamba kidole kile amekifunga yeye. Walinzi walimtoa nje kwa upole. Kila mama ambaye mwanawe amehukumiwa husema maneno, na walishayazoea.

Digory alinyongwa Ijumaa. Glavu zikatiwa kabatini.

Machi jaji alirudi. Watu walisema anakaribia kupelekwa London, kwenye mahakama ya mfalme mwenyewe, kwa jinsi alivyolinyoosha jimbo. Safari hii hapakuwa na kesi ya kifo hata moja. Nani angethubutu kugusa ua? Ng'ombe wa kijiji walikuwa wameuzwa, na ua ulikuwa umesimama.

Siku ya mwisho kengele za Tawcombe zilipigwa kwa mara ya kwanza baada ya karibu miaka mitano. Kasisi alihubiri juu ya huruma. Mkuu wa jimbo alipanda ngazi za mahakama akiwa na kisahani cha fedha, na juu yake zile glavu nyeupe zilizotolewa kabatini, kwa kuwa mkono wa jaji haujabadilika na ngozi nzuri haitupwi.

Jaji alivaa ya kulia, kisha ya kushoto. Kidole kilichopinda kiliteleza kikakaa, hakikuacha hata kunyanzi moja. Aliwainulia watu mikono yote miwili, na uwanja mzima ukashangilia.

Bwana Hext alikuwa amesimama karibu na Honor. Hakuwa mtu mbaya, na alimwogopea. Alimgusa kiwiko.

"Piga makofi, Mama Luscombe," alimnong'oneza. "Wanakuangalia."

Honor akapiga.