Kicheko Nyuma ya Kiganja

Kwa heshima na taadhima zote zinazomstahili mzee mwenye masharubu, naanza kwa kueleza uso wa babu yangu Pantelimon anapotazama vichekesho vya televisheni. Ni uso wa mtu aliyeitwa mochwari kutambua maiti, akakuta si wa kwao, na hata hivyo hakuridhika.

Kila Jumapili natoka bwenini, nateremka mtaa hadi kwake, karibu na mto Danube hapa mjini Galați. Tunakula supu chachu na ugali, kisha anawasha televisheni. Vijana wa kipindi wanaanguka, wanavaa magauni, wanamtukana waziri. Watu wa studio wanacheka mpaka viti vinalia. Babu anaweka kiganja juu ya masharubu na kubaki hivyo, kimya, mpaka mwisho.

"Babu, hata hiki hakichekeshi?"

"Jino," anasema nyuma ya kiganja. "Linanisumbua."

Kipindi kikiisha, Babu anatoa hukumu kama hakimu.

"Hawa watoto wanasema kila kitu, Otilia. Waziri ni mwizi, basi wanasema waziri ni mwizi. Nyumbani nibakiwe na kazi gani, kupiga makofi? Mjusi yuko wapi?"

Mjusi ni jambo zito, na nitalieleza kwa uzito wake. Enzi za babu kila neno la redioni lilipita kwanza mezani kwa mkaguzi mwenye kalamu nyekundu. Wachekeshaji wakajifunza kuficha kati ya maneno neno moja dogo, lenye mkia, la kupenya chini ya mlango wakati mkaguzi anatazama dirisha. Nchi nzima ililiita mjusi. Babu na mwenzake wa jukwaani, Titus, walikuwa wafugaji wa mijusi wanaojulikana kutoka hapa mpaka milimani. Kisha serikali ile ikaanguka, mkaguzi akastaafu, na kila mtu akaruhusiwa kusema lolote. Babu alishangilia barabarani kama wengine. Ila siku iliyofuata aliamka hana kazi.

Ndipo Jumapili moja ya Novemba akaja Dinu Bostan, mchekeshaji kijana wa redio ya mji, na viatu vyeupe katikati ya matope.

"Mzee Pantelimon, tunarekodi kipindi cha mkesha wa mwaka mpya. Naomba utupe lile igizo lenu la kulabu. Mimi nitakuwa mwenye bucha."

"Mwenye bucha ni Titus."

"Titus si alishafariki, mzee?"

"Najua, nililibeba jeneza. Hata siku ile alichekesha kuliko wewe."

Dinu akacheka kwa dhati, na hapo nikaanza kumpenda.

"Nani atanielewa?" Babu akauliza. "Vijana hawajui hata foleni ya nyama ni kitu gani."

"Ukumbini tutaalika wastaafu tu. Watu wa rika lako."

Babu akaitazama kofia yake nyeusi ya jukwaani, iliyotundikwa msumarini karibu na mlango. Kila Jumamosi huipiga brashi, ingawa haendi nayo popote.

"Nitakuja," akasema. "Lakini sikilizeni nyote wawili. Wasipocheka, kofia hii naipeleka kanisani, apewe yeyote mwenye kichwa na baridi. Na asitokee mtu wa kuniita mchekeshaji tena. Hata kwa kunitania, wewe mtoto."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikaacha.

Siku ya kurekodi nilipewa ruhusa ya kutoka shuleni, nikapewa pia kazi rasmi ya kushika koti la babu kando ya pazia. Ilikuwa mchana wa Desemba, lakini wastaafu walikuwa wamevaa nguo za mwaka mpya na kushika glasi za maji ya matufaha, wakijifanya ni usiku wa manane na ni mvinyo. Mbele ya jukwaa kulikuwa na taa mpya, kali kama jua la mezani kwa daktari wa meno. Babu alipoingia na kofia yake alipepesa macho. Nilijua kwamba hamwoni mtu hata mmoja.

Igizo lenyewe ni hili. Mteja anaingia bucha.

"Naomba kulabu moja."

"Ya nini?" anauliza mwenye bucha.

"Ya kutundikia nyama."

"Kwani una nyama?"

"Sina. Lakini ninyi mna kulabu tupu na mnaitwa bucha. Nami nikiwa na moja, nyumba yangu itakuwa tawi."

"Tawi lazima liwe na mkurugenzi."

"Wa kusimamia kulabu moja?"

"Hasa ikiwa moja. Isije ikapotea."

"Na huyo mkurugenzi atakula wapi?"

Hapo mwenye bucha hutazama kushoto, hutazama kulia, hufuta kaunta ambayo haina hata tone la damu. Kisha hujibu kwa upole:

"Kwake."

Huyo ndiye mjusi. Enzi zile bucha zilikuwa tupu na foleni ndefu, lakini kila mtu alijua kwamba nyama ipo, na alijua ipo nyumbani kwa nani.

Dinu alilisema vizuri. Hata Titus asingelalamika sana. Na ukumbi ukanyamaza. Mtu mmoja alikohoa. Babu alisimama katikati ya mwanga ule, akisubiri, kofia mkononi, kisha akainama na kutoka. Aliponipita alichukua koti lake bila kuniangalia, akalivaa mkono wa kulia kwenye shimo la kushoto.

Sasa nieleze nilichokiona mimi, kwa kuwa taa hazikuelekezwa kwangu. Kuanzia mstari wa kwanza mpaka ukutani, wastaafu wote walikuwa wameziba midomo kwa viganja. Kwanza walitupa jicho pembeni, haraka, kumwangalia jirani. Kisha kiganja kikapanda. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Bibi mmoja mwenye ushungi wa manyoya alikuwa akilia machozi ndani ya glovu yake. Ukumbi mzima ulikuwa ukitetemeka kama jeli, bila sauti.

Nikamkimbilia babu kwenye chumba cha mitambo. Dinu alikuwa akimsikilizisha rekodi. Spika ilitoa neno "Kwake," halafu kimya kirefu, halafu kile kikohozi.

"Si tatizo, mzee," Dinu akasema. "Nitabandika kicheko."

"Kicheko cha nani?"

"Cha kwenye kompyuta. Kipo cha wastani na kipo cha kuvunjika mbavu."

"Na hao wanaocheka humo, wananicheka mimi?"

"Hapana, wao... walirekodiwa zamani. Sijui walikuwa wanacheka nini."

"Basi waache na mambo yao. Kata igizo lote."

"Babu, walicheka!" nikasema. "Nimewaona. Wameziba midomo, wote!"

Akanigeukia taratibu. "Zamani, ndiyo. Zamani mstari wa tatu alikaa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutazama nani anacheka. Nami nilikuwa nawaona wakiziba midomo, maana taa zilikuwa hafifu, umeme wenyewe ulikuwa wa mgao. Lakini leo nani wa kuogopwa? Watu wako huru. Mtu huru akinyamaza, amenyamaza."

"Mkono haujui kwamba kuna uhuru, Babu!"

"Unanipa pipi kama mtoto anayebembelezwa, mjukuu wangu. Ahsante. Jumapili nitakwenda kanisani na kofia."

Dinu alimwomba walau afikirie mpaka Ijumaa. Nami nikamwomba Dinu kitu kingine: nakala ya lile igizo, kama lilivyo, na kimya chake.

Shule yetu ya bweni ni taasisi yenye nidhamu ya hali ya juu. Nayasema haya nikiwa mtu niliyewahi kubadili kengele yake ikawa sauti ya bata. Wakati wa chakula cha mchana tuna redio ya wanafunzi, inayosikika bwaloni kupitia spika za ukutani, na kila kitakachorushwa lazima kwanza kipate mhuri wa makamu mkuu wa shule, Madam Zamfira. Jumatano ni siku ya supu ya nyama, ambayo ni nzuri na ya moto na haina nyama. Wakati huohuo mpishi hupita katikati ya bwalo na sahani iliyofunikwa, akielekea ofisi ya makamu, na harufu ya kabichi iliyoviringishiwa nyama humfuata nyuma kama mbwa mwaminifu.

"Nini hiki?" Madam Zamfira akauliza nilipompelekea ombi.

"Nabusu mkono, mwalimu," nikamwamkia kwa adabu za kwetu. "Ni urithi wa taifa. Mzee anakwenda bucha kununua kulabu."

"Hakuna matusi?"

"Hakuna hata nyama."

Akagonga mhuri.

Kisha nikampigia babu simu, kwa sauti ya mkosaji, ambayo naiweza.

"Babu, nimeitwa kwa makamu. Wanataka mzazi. Jumatano, saa ya chakula. Vaa kofia uonekane mtu wa maana."

"Umefanya nini tena?"

"Ni vigumu kueleza kwenye simu."

Alikuja. Nilimkalisha kwenye benchi kando ya dirisha la jikoni, akiwa ameelekea bwalo zima, na mchana mweupe wa theluji ukiingia kutoka nyuma yake. Madam Zamfira alikuwa amesimama mahali pake pa siku zote, mikono nyuma, akitukagua tunavyoshika vijiko.

"Huyo ndiye makamu?" Babu akaninong'oneza. "Nimwombe radhi sasa au baada ya supu?"

Spika zikakwaruza. Babu akaisikia sauti yake mwenyewe ikiomba kulabu moja. Akashtuka, akanishika kiwiko.

"Otilia. Zima."

"Siwezi, Babu. Ina mhuri."

Mwanzoni wanafunzi hawakusikiliza. Kisha waliposikia "ya kutundikia nyama," vijiko vikapunguza mwendo. Kwenye "kwani una nyama?" vikasimama. Na kwa bahati ambayo nakiri niliisaidia kidogo kwa kumchelewesha mpishi jikoni na maswali kuhusu bizari, sahani iliyofunikwa ikatokea mlangoni na kuanza safari yake katikati ya bwalo wakati mteja akiuliza:

"Na huyo mkurugenzi atakula wapi?"

Kimya cha kutazama kushoto na kulia. Sahani ikapita. Kabichi ikanukia.

"Kwake."

Hakuna aliyetoa sauti. Madam Zamfira alikuwa palepale. Lakini macho yakaruka pembeni, na mikono ikapanda, meza baada ya meza, watoto ambao hawajawahi kuona foleni ya nyama, ambao hawajui mkaguzi ni mnyama gani. Viganja vikaziba midomo. Mabega yakatikisika. Supu zikatikisika. Mvulana mmoja wa kidato cha kwanza aliingia kabisa chini ya meza.

Nikamtazama babu. Safari hii hakukuwa na taa machoni mwake. Aliwatazama mmojammoja, polepole, kama mtu anayewatambua jamaa zake kituoni baada ya treni kuchelewa sana.

"Ndivyo walivyokuwa?" akauliza. "Wale wazee?"

"Hivihivi. Ila walikuwa na glasi."

Kisha akaniminya kiwiko na kuonyesha kwa kidevu. Mikono ya Madam Zamfira haikuwa nyuma tena. Mmoja ulikuwa mdomoni. Aliushusha haraka, akakohoa, akaja kwetu.

"Otilia. Nani ameidhinisha hii?"

"Wewe, mwalimu."

Alifikiri kidogo. Kisha akamgeukia babu, akaitazama ile kofia.

"Ni wewe? Wa kulabu?" Sauti yake ilikuwa imepungua vyeo vingi. "Baba yangu alilijua igizo lote. Alikuwa akiliigiza jikoni, mimi nikiwa mwenye bucha. Nilikuwa mdogo, sikujua kwa nini mama alifunga dirisha."

"Ulikuwa unangoja kidogo kabla ya kusema 'kwake'?" Babu akauliza.

"Nilifuta meza kwanza."

"Vizuri," Babu akasema, kwa uzito wa mwalimu anayetoa alama. "Wengi husahau kufuta."

Kwa kumbukumbu ya shule, Jumatano iliyofuata supu ilikuwa na nyama. Haikuwa nyingi, lakini ilionwa na mashahidi.

Kwenye korido babu aliniomba simu, akampigia Dinu.

"Dinu, mwanangu. Lile igizo liache. Na usibandike kicheko chochote."

Nilimsikia Dinu akilalamika upande wa pili. "Mzee, kimya kirefu namna ile? Wasikilizaji watadhani umeme umekatika!"

"Wa rika langu hawatadhani. Na wa rika lako waambie wajaribu kulisikiliza mbele ya bosi wao. Na ulifuta kaunta vizuri. Titus alikuwa akiharakisha pale."

Akanirudishia simu, akavaa kofia, akaisogeza kidogo upande kama anavyoivaa jukwaani, akatoka nayo kwenye theluji. Ndipo alipokumbuka na kurudi.

"Hivi, kosa lako ni lipi hasa? Niliitiwa nini?"

"Kesi imefutwa, Babu."

Jumapili hakwenda kanisani na kofia. Ilikuwa msumarini nilipofika. Tulikula, na kwa kuwa siku hiyo kulikuwa na karanga za kuchoma zilizomwingia kwenye fizi, babu alivua meno yake ya bandia, ya juu na ya chini, akayaweka kwenye glasi ya maji kando ya chumvi. Kisha akawasha televisheni. Kijana mwenye gauni alianguka ndani ya ndoo, akasimama, akaanza kusoma hotuba ya meya ndoo ikiwa bado mguuni.

Kiganja cha babu kikapanda juu ya masharubu. Miaka yote hii nilikuwa nikitazama uso wake. Safari hii nikatazama mabega.

"Babu," nikasema. "Unacheka."

"Sicheki. Jino linanisumbua."

Niliyatazama meno yake yote, yametulia ndani ya glasi, hayana shida na mtu. Nikaweka kiganja mdomoni.