Amepaisha

Binti yangu alinipiga marufuku kukanyaga uwanjani, na kosa lilikuwa neno moja tu.

Mimi ni kinyozi. Miaka thelathini nimebishana na wateja kuhusu soka, lakini raga nilikuwa siijui hata chembe. Siku ya kwanza kumtazama binti yangu akicheza, aliutenga mpira, akarudi nyuma, akaupiga. Ukapaa juu ya mtambaa wa panya, katikati ya nguzo. Nikajishika kichwa na kupiga ukelele: "Lo! Amepaisha!" Kumbe huko juu ndiko kwenye pointi. Uwanja mzima uliangua kicheko, na tangu siku hiyo wenzake wanamwita Paisha.

"Baba, usije tena mpaka ujue kuhesabu," aliniambia bila kunitazama. Iliniuma, sifichi. Nyumbani tuko wawili tu, na fainali ilikuwa imebaki siku tatu.

Nikamwita dada yangu mkubwa, mshona nguo wa mlango wa pili, ambaye hakosi mechi hata moja. Alichota povu la kunyolea, akaanza kuandika kwenye kioo changu.

"Trai, tano."

"Trai si kujaribu? Yaani mtu akijaribu tu anapewa tano? Mimi nimejaribu maisha yangu yote, pointi zangu ziko wapi?"

"We mtoto, nyamaza kwanza! Trai ni kuufikisha mpira nyuma ya mstari wao na kuugusisha chini kwa mkono. Ukishaipata, unapewa mkwaju wa nyongeza. Ukipita juu, mbili. Penalti, tatu."

"Na ukipita chini ya mtambaa?"

"Sifuri."

"Kipa hakuna, na bado sifuri?"

"Jamani, na kichwa changu je?" aliuliza mteja aliyekuwa kitini, upande mmoja kipara, upande wa pili msitu. Nikamalizia kumnyoa huku nikikariri: tano, mbili, tatu. Alipotoka, na yeye alikuwa ameshajua.

Siku ya fainali nilijibanza safu ya nyuma na dada yangu, nimevuta kofia mpaka puani. Dakika za mwisho wao walikuwa na kumi na tisa, sisi kumi na tatu. Mara mmoja wetu akajirusha kwenye kona, mpira chini. Trai! Kumi na nane.

"Mkwaju ukipita, tumeshinda," nikanong'ona kabla dada hajafungua mdomo.

Mpigaji alikuwa binti yangu, tena kutoka pembeni kabisa. Akautenga mpira, akainua macho, akaniona. Kofia haikunisaidia kitu. Dada alikuwa amenionya kwamba mpigaji akijiandaa watu wote kimya, kwa hiyo nikauma midomo na kunyoosha kidole juu. Binti yangu akatabasamu kidogo.

Akapiga. Mpira ukapanda, ukayumba, ukakaribia kugonga nguzo, ukapita upande wa ndani, juu kabisa.

"Amepaisha!" nilipiga kelele, machozi yananitoka, na safari hii jukwaa zima likadaka: "Amepaishaaa!"

Alikuja mbio, matope mpaka masikioni. "Ngapi, Baba?"

"Ishirini kwa kumi na tisa."

Akanikumbatia, akalichafua shati langu lote, kisha akanivua kofia.

"Siku nyingine ukae mbele," alisema, "nikusikie vizuri."